Mgongo kwa Mgongo

5 Machi

Mama,

Shikamoo. Dereva wa gari la dawa amenipa dakika kumi kabla hajawasha gari, kwa hiyo leo sikuulizi habari za nyumba wala za jirani na bata wake. Nina shida, na shida yenyewe inaelekea wodini kwako.

Unakumbuka nilikuambia kampuni yetu inatengeneza programu ya kupiga hesabu za dozi za watoto? Muuguzi anaingiza uzito wa mtoto na jina la dawa, programu inamwambia ampe miligramu ngapi. Hospitali yenu ndiyo ya kwanza kuipokea, tarehe 7 Mei. Kazi ya kuhakikisha kwamba hesabu zake ni za kweli nimekabidhiwa mimi.

Tayari ilikuwa na majaribio mia mbili. Jaribio ni kipande kidogo cha programu kinachoichunguza programu kubwa. Kinaiuliza swali moja, kinalinganisha jibu. Jibu likiwa sahihi skrini inaonyesha kijani, likiwa si sahihi inaonyesha nyekundu. Yote mia mbili yalikuwa kijani. Mtu mwingine angefunga kompyuta akaenda kunywa chai, lakini unanijua. Jumatatu nikaiharibu programu makusudi: palipoandikwa zidisha, nikaandika jumlisha. Nikayaendesha majaribio tena. Kijani, yote mia mbili, utadhani mvua imenyesha ndani ya kompyuta.

Nikafungua moja nikalisoma mstari kwa mstari. Aliyeyaandika hakuwa na majibu yake mwenyewe. Jaribio linaiuliza programu jibu, linaliweka pembeni, kisha linaiuliza programu ile ile tena na kulinganisha. Ni sawa na kumuuliza mgeni jina lake mara mbili, halafu ukamwamini kwa sababu hakujikanganya.

Nimeyafuta yote. Meneja wetu, yule tunayemwita Kesho Asubuhi kwa kuwa kila kitu anakitaka kesho asubuhi, amenifokea mbele ya ofisi nzima. "Kijani umekiona, unatafuta nini tena?" Nimemwambia naanza upya, na safari hii jaribio linatangulia. Swali na jibu lake vinaandikwa kwanza, kabla ya msimbo wowote, yaani maagizo ya programu yenyewe. Nione nyekundu kwa macho yangu, ndipo niandike mistari ya kuigeuza kijani.

Ila jibu lazima litoke kwa mtu, lisitoke kwa programu. Na mtu ninayemwamini kwa dozi za watoto ni mmoja. Nichagulie kwenye madaftari yako ya zamani watoto kumi na wawili, bila majina: uzito wa kila mmoja na dozi uliyompa ya ile dawa ya homa. Dawa hiyo moja kwanza.

Dereva anapiga honi.

Mbishi wako

*

12 Machi

Mbishi wangu,

Marahaba. Bata wa jirani wana afya kuliko mimi, na jana wamelala kwenye ngazi yetu tena.

Umefanya vizuri kuandika badala ya kupiga simu. Dozi haisemwi kwenye simu, hiyo ni sheria ya wodi tangu nikiwa mwanafunzi, na siivunji hata kwa mtoto niliyemzaa.

Hiyo habari ya kuandika jibu kwanza nimeielewa haraka kuliko ulivyofikiri. Kila asubuhi, kabla ya mtoto wa kwanza, naweka jiwe la kilo mbili kwenye mizani. Mizani ikisema mbili, tunaanza. Ikisema kingine, hapimwi mtu. Jiwe halikupimwa na mizani hiyo, lilikuja na uzito wake kutoka kwingine. Basi ndiyo kazi yako hiyo hiyo, ila wewe unaifanya ukiwa umekaa.

Na dozi tunapiga hesabu watu wawili, mgongo kwa mgongo. Mmoja anaelekea dirishani, mwingine anaelekea kabatini. Hakuna kuchungulia wala kukohoa kwa maana. Ukimaliza unasema "tayari", halafu tunataja jibu kwa sauti, pamoja. Majibu yakitofautiana tunaanza upya wote wawili, hata kama daktari amesimama mlangoni anatutazama. Huyo wako wa majaribio mia mbili alimgeukia mwenzake akamnong'oneza jibu, kisha akajisifu wamekubaliana. Angekuwa wodini kwangu ningemwondoa kwenye trei ya dawa siku hiyo hiyo, akakunje mashuka mpaka aone aibu.

Nikuambie ukweli, hiyo programu naingoja kuliko meneja wako. Tangu Januari mwenzangu wa kugeuziana mgongo amehamishiwa wodi ya upasuaji, na hajaletwa mwingine. Hesabu napiga peke yangu, nasema "tayari" peke yangu, najijibu peke yangu. Nataka mgongo wa pili, hata kama ni wa chuma.

Watoto wako kumi na wawili wako kwenye karatasi ya pili. Kanuni ni miligramu kumi kwa kila kilo. Kwenye daftari uzito nimeandika kwa penseli na dozi kwa wino mwekundu, ndivyo ninavyoandika siku zote. Wewe nimekunakilia vyote kwa kalamu moja.

Kula. Sauti yako kwenye barua imekonda.

Mama

*

19 Machi

Mama,

Shikamoo. Ungekuwa hapa ningekubeba nikuzungushe ofisini.

Nimeanza na mtoto namba moja, kilo 7, miligramu 70. Nikaandika swali na jibu, nikaendesha. Nyekundu, kwa sababu programu mpya ilikuwa bado tupu. Ukiiona nyekundu hiyo ya kwanza unajua jaribio lako liko macho. Lile lisiloshindwa hata siku moja huwezi kujua kama ni zima au limekufa. Kisha nikaandika msimbo mchache kabisa, mistari mitatu. Kijani. Nikasafisha maandishi yangu, nikaendesha tena kuona sijabomoa kitu. Kijani bado. Nikaenda kwa namba mbili. Ni kazi ya polepole na inanipa usingizi mzuri.

Halafu namba sita. Kilo 54, na wewe umeandika 500. Programu yangu mpya ikasema 540. Kwa udadisi nikaiuliza na ile ya zamani, nayo ikasema 540. Nikafungua kitabu cha dawa: isizidi 500 kwa mara moja, mtoto awe mzito kiasi gani. Mama! Programu ambayo ilikuwa inaletwa wodini kwenu haikujua hilo. Majaribio mia mbili hayakujua. Daftari lako limejua. Kesho Asubuhi alisoma ukurasa ule wa kitabu mara mbili, akakaa chini, na kwa mara ya kwanza hakutaja siku yoyote.

Sasa nimebaki na watatu. Namba nne, kilo 3, umeandika 80. Namba tisa, kilo 23, umeandika 280. Namba kumi na moja, kilo 13, umeandika 180. Programu inasema 30, 230 na 130. Nyekundu tatu, na zinanitazama tangu Ijumaa.

Baada ya ile ya kilo 54 siwezi kukubishia kirahisi. Lazima kuna kanuni nyingine ambayo wauguzi mnaijua na kitabu hakiisemi. Nimeitafuta siku nne. Jana nilifikia mahali pa aibu: niliandika kwamba uzito ukiishia na tatu, programu iongeze hamsini. Kijani zote kumi na mbili zikawaka. Nikacheka, nikafuta. Hakuna homa duniani inayochagua tarakimu.

Kesho Asubuhi anasema nizifute hizo tatu, tuonyeshe kijani wakubwa wakija. Nimemwambia mama yangu hafutwi. Niambie hiyo kanuni.

Mbishi wako

*

26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Hakuna kanuni nyingine. Labda ni kalamu, labda ni haraka, taa ya chumba cha dawa nayo inapepesa. Wafute hao watatu kama meneja alivyosema. Tisa wanatosha.

Wodi imejaa. Nitaandika nikipata nafasi.

Mama

*

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Wewe, uliyenirudishia daftari la hesabu nikiwa darasa la tatu kwa sababu nilifuta jibu badala ya kulikata kwa mstari, leo unaniambia nifute?

Nimezitandaza barua zako za mwaka huu mezani, kuanzia Januari. Ya Januari ina mistari thelathini na mmoja kwa ukurasa. Ya Machi mwanzoni ina ishirini na miwili. Hii ya mwisho ina kumi na minne, na mstari wa tisa umepanda juu ya wa nane. Nilikuwa naona mwandiko unakua, nikasema moyoni mama ameanza kuringa. Nisamehe.

Halafu nikarudi kwa watoto watatu. Kilo 3 na miligramu 80. Kilo 23 na miligramu 280. Kilo 13 na miligramu 180. Ukiweka nane mahali pa tatu, wote wanakaa sawa: 8, 28, 18. Dozi zilikuwa kwa wino mwekundu, hizo umezisoma vizuri. Uzito ulikuwa kwa penseli. Hesabu zako za zamani zote ni sahihi, mama, hata moja haina kosa. Kilichokosea ni kusoma. Nane ya penseli umeiona tatu, mara tatu, bila kujua.

Programu yangu haina shida. Kitabu hakina shida. Nyekundu zile zilikuwa zinaniambia habari za macho yako, na mimi nikawa natunga kanuni za kijinga ili nisizisikie.

Kabla hujanikasirikia, pokea na langu. Yale majaribio mia mbili ni yangu. Niliyaandika mimi mwaka jana, kwa siku tatu, kwa sababu Kesho Asubuhi aliahidi wakubwa mia mbili na mimi nilitaka kusifiwa. Nilijua ninachofanya. Nilipokusoma ukisema mtu huyo angekunja mashuka mpaka aone aibu, nilikunja barua nikaiweka droo ya chini siku mbili. Leo asubuhi nimemwambia meneja mbele ya watu wale wale alionifokea mbele yao. Akaniuliza nahitaji siku ngapi zaidi. Nimesema kumi na nne. Sasa ni tarehe 21 Mei, na hapunguzi wala haongezi.

Sasa nakuuliza kama mwanao, na kama mtu anayeleta programu wodini kwako. Kadi ya mtoto inapokuja kwenye trei ya dawa, nani anaisoma? Mistari ya bomba la sindano nani anaiangalia? Ulisema uko peke yako tangu Januari.

Nenda kwa matroni. Nenda kwa daktari wa macho. Nakuomba.

Mbishi wako

*

16 Aprili

Mama,

Dereva amekuja mikono mitupu Jumatano mbili. Nimemuuliza kama unaumwa, akasema amekuona ukitembea vizuri na ukamsalimia kwa jina la dereva mwingine. Simu hupokei.

Najua umekasirika. Kasirika, ni haki yako. Lakini kila asubuhi naamka nikifikiria trei ile ya dawa na mtoto wa mtu kitandani.

Nimemwandikia matroni barua. Iko hapa mezani, imefungwa, ina anwani yake. Sijaituma. Jumatano ijayo dereva akija bila neno lako, ataondoka nayo. Nitaumia, na wewe utaumia, lakini ataondoka nayo.

Nakupenda. Sitanii.

Mbishi wako

*

22 Aprili

Mbishi,

Mwandiko huu si wangu. Ninayesema ni mimi, anayeandika ni yule mwenzangu wa mgongo kwa mgongo, wamemrudisha kutoka upasuaji. Ameapa kuandika kila neno.

Nilikasirika, ndiyo. Barua yako ya tarehe 2 niliirarua vipande vinne. (Mimi ninayeandika nashuhudia: na alisema maneno ambayo siwezi kuyaandika.) Miaka thelathini na moja nimeshika bomba la sindano. Nimewafundisha wauguzi ambao sasa ni mabosi. Halafu mtoto niliyemfunga viatu anihesabie mistari! Nilikaa wiki nzima nikisema ni taa, ni kalamu, ni uchovu. Siku ya nne nikajikuta nimejificha nyuma ya kabati nikisoma kadi kwa kuibana karibu na pua, na nikaona mbona ninajificha kama mwizi.

Sikutaka kwenda kwa matroni na maneno ya mwanangu. Nilitaka kujua mwenyewe. Ndipo nikamwita huyu mwenzangu baada ya zamu yake. Nikamwambia ajaze mabomba kumi kwa maji, kila moja kiasi chake, majibu ayaandike kwenye karatasi aiweke mfukoni, kisha ageuze mgongo. Nikayasoma moja moja chini ya dirisha, mchana kweupe. Nikasema "tayari". Tukataja majibu pamoja.

Sita kati ya kumi. Manne nimekosa. Hiyo ndiyo nyekundu yangu, nimeiona mwenyewe, na hakuna mtu aliyenisimulia. Nililia pale pale, mwenzangu naye akalia, tukafuta nyuso, nikaichukua karatasi ile nikaenda nayo kwa matroni kabla haijapoa. Nilimwambia, "Matroni, mimi niondoe kwenye dawa leo." Kumbe barua yako ya kunitisha na ile iliyofungwa bado ilikuwa njiani, mimi nimeshatoka ofisini kwake.

Sijamaliza. Nilimtaka matroni afungue mafaili yote niliyopiga hesabu peke yangu tangu Januari. Wamekaa wauguzi wawili siku tatu, mgongo kwa mgongo, kila kadi ya mapokezi na kila karatasi yangu ya dozi. Yote sawa isipokuwa moja. Kadi ya mapokezi ilisema kilo 18. Mimi nimeandika 13, nikampa 130. Alitakiwa 180, na alipewa pungufu siku nzima mpaka zamu iliyofuata ilipogundua homa haishuki na kumpima upya. Amekwenda nyumbani mzima. Matroni amewaita wazazi wake, na mimi nimekaa nao chumba kimoja nikawaambia kwa mdomo wangu. Mama yake aliniuliza kama nina watoto. Siku ile moja ya homa ni yangu, mwanangu, na siigawi na taa.

Kwa hiyo nakupa mtoto wa kumi na tatu. Kilo 18. Mwandike wa kwanza kabisa, juu ya wote. Programu yako ikiandikiwa 13 na kadi inasema 18, itafanya nini? Nijibu hilo. Kama itapiga hesabu ya 130 kwa furaha, basi haina tofauti na mimi.

Daktari wa macho anasema ni mtoto wa jicho, pande zote mbili. Jicho la kulia litapasuliwa Juni. Mpaka hapo nakunja mashuka. Usicheke.

Mama

*

30 Aprili

Mama yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Sikucheka. Nilisoma barua yako nimesimama mlangoni mwa gari la dereva, akanipa kitambaa chake cha kufutia kioo. Ile barua ya matroni nimeichana mbele yake.

Nakujibu. Niliandika jaribio kwanza, kama ulivyosema, juu ya wote. Kadi ya mapokezi 18, muuguzi ameandika 13, jibu linalotakiwa: programu ikatae. Nikaendesha. Nyekundu. Programu yangu nzuri, ile niliyojisifu nayo, ilichukua 13 ikatoa 130 bila hata kusita. Miligramu kumi kwa kila kilo, hesabu safi kabisa, na mtoto angelala na homa. Majaribio yangu yote yalikuwa yanaiuliza kama inajua kuzidisha. Hakuna hata moja lililouliza kama ilichopewa ni kweli.

Kwa hiyo nimejenga mgongo wako ndani yake. Mtu wa mapokezi anaingiza uzito. Muuguzi wa dawa anauingiza tena kitandani, na programu haimwonyeshi alichoandika wa kwanza. Ikipata namba mbili tofauti haipigi hesabu yoyote. Inaandika kwa herufi kubwa: UZITO HAUKUBALIANI, MPIME MTOTO UPYA. Haichagui kati ya namba mbili, na haina kitufe cha kuruka. Nimeandika majaribio kumi na tisa kwa sehemu hiyo tu, kila moja nimeliona jekundu kabla sijaligeuza.

Kesho Asubuhi alitaka kitufe cha kuruka. Anasema siku ya maonyesho wageni watadhani imekwama. Nilimwonyesha jaribio lile la juu kabisa na kumsimulia siku moja ya homa. Sikutaja kwamba muuguzi wa siku hiyo ni mama yangu, ila nadhani alijua, maana sauti yangu haikuwa ya kazini. Akauliza, "Na muuguzi akiwa na haraka?" Nikamjibu kwamba huyo ndiye niliyemjengea. Kitufe hakipo.

Hao watatu wa nyekundu sikuwafuta. Nimewaandika upya kwa uzito wao wa kweli, 8 na 28 na 18, baada ya mwenzako kunithibitishia kwa maandishi kutoka daftari lile la penseli. Wote kijani. Jumla sasa ni themanini na sita. Mia mbili sifiki, na sitafika kwa kujidanganya tena.

Mashuka yanakunjwaje yale yenye lastiki? Mimi yananishinda.

Mbishi wako

*

9 Julai

Mbishi wangu,

Marahaba mara mbili, moja kwa kila jicho, ingawa lililopasuliwa na linaloona vizuri ni moja. Hili la kushoto wanalipasua Septemba.

Habari za programu yako zimekufikia kwa njia za ofisi, najua, lakini njia za ofisi hazisemi kitu. Nikuambie ya wodini. Asubuhi ya kwanza, tarehe 21 Mei, meneja wako alikuja amevaa tai, akasimama karibu na kompyuta kama bwana harusi. Mimi nilikuwa bado wa mashuka, ila matroni aliniita mbele. Akasema, "Wewe ndiye uliyeipa watoto, ijaribu wewe." Huyu mwenzangu alinisomea kadi, mimi nikabonyeza. Sikuiuliza swali la kuifurahisha. Mapokezi walikuwa wameingiza 18, nikaingiza 13. Ikakataa. Meneja wako akatoa jasho, akadhani imeharibika mbele ya wakubwa. Wauguzi sisi tulipiga makofi.

Sasa ni desturi. Asubuhi kabla ya mtoto wa kwanza tunaweka jiwe kwenye mizani, kisha tunafungua kadi ya majaribio ya kilo 18 na kuiandikia 13. Isipokataa, hakuna dawa inayotoka kabatini. Inakataa kila siku, na kila siku mtu wa zamu anasema "ahsante" kwa sauti. Wageni wanatuona wehu. Mara mbili mwezi Juni ilikataa kwa watoto wa kweli. Mmoja ni kosa la mapokezi, mwingine ni la muuguzi mwenye macho mazuri zaidi kuliko yangu, alikuwa amechoka tu. Wote wawili walipimwa upya wakapata dozi yao.

Na mimi. Juzi nilimwomba matroni mabomba kumi. Yale yale, maji yale yale, majibu mfukoni kwa mwenzangu. Nikafunika jicho la kushoto nikasoma kwa la kulia. Matroni alisimama ukutani. Nikasema "tayari". Tukataja pamoja.

Kumi kati ya kumi. Matroni akasema rudia, akabadilisha mabomba mwenyewe. Kumi tena. Kuanzia Jumatatu narudi kwenye trei ya dawa, kwa sharti kwamba sipigi hesabu peke yangu hata siku moja, na sharti hilo nimeliandika mimi. Lile bomba la kwanza nililosoma sawasawa nimeliosha na kuliweka kwenye droo ya nyumbani, pamoja na picha yako ya darasa la tatu.

Yule mama aliyeniuliza kama nina watoto alirudi wiki iliyopita kumleta mdogo wa yule mtoto kwa chanjo. Aliniona kwenye korido. Aliniuliza macho yanaendeleaje, nikamwambia nimepona moja. Nikamwambia pia kwamba uzito wa mwanawe ndio tunaoanza nao kila asubuhi. Akaniachia yule mdogo nimshike wakati anatafuta kadi kwenye mkoba. Namshukuru kwa hilo mpaka leo.

Sasa, wewe mhesabu mistari. Barua hii nimeiandika mimi mwenyewe, kwa penseli, bila mtu wa kunishikia karatasi. Nimehesabu mistari ya ukurasa wa kwanza na jibu nimeliandika nyuma ya bahasha, nikalifunika kwa plasta. Usilibandue. Geuza mgongo kwanza, piga hesabu yako mwenyewe, useme "tayari".

Mama yako